Kerio haikosi mlima, inakosa ngazi

Ukisimama kwenye daraja la Chebloch, pale Mto Kerio unapobanwa na majabali na vijana wakijirusha majini kutoka juu, una kuta mbili za kuchagua. Mashariki barabara inakwea Milima ya Tugen kuelekea Kabarnet. Magharibi inakatiza migunga na vibanda vya maembe na asali, halafu inaanza kupanda ukuta wa Elgeyo kupitia Tambach hadi Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwendesha baiskeli, kutoka mtoni mpaka kwenye lile lango la Iten linalowakaribisha wageni katika makao ya mabingwa ni kupanda zaidi ya mita 1,000. Joto la bondeni linakusindikiza nusu ya safari, kisha baridi ya juu inakupokea.

Nimeipanda barabara hiyo mara nyingi, hata najua kona ipi ina kivuli saa tatu asubuhi na ipi haina. Najua mahali mbuzi wanapopenda kulala juu ya lami jioni kwa sababu bado imeshika joto. Najua pia kwamba karibu kila ninapopanda nitampita mtu anayesukuma Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma ya mizigo, iliyopakiwa madumu au gunia, na kwamba mtu huyo ana nguvu kunishinda. Naona miguu yake. Naona jinsi anavyojibu salamu yangu kwa sentensi nzima bila kuhema, wakati mimi nimebakiwa na pumzi ya neno moja. Mimi nampita kwa sababu nina gia 22. Yeye anasukuma kwa sababu ana gia moja.

Nalianzia hapo suala hili kwa makusudi, maana huku kwetu mazungumzo ya baiskeli huanzia juu. Swali huwa lilelile: nchi iliyoijaza dunia wakimbiaji imekosaje waendesha baiskeli? Na jibu linalopendwa ni kwamba hatujatafuta vizuri. Kwamba kuna bingwa amejificha katika kijiji fulani cha ukingoni, na siku atakapopatikana na kukabidhiwa baiskeli ya kaboni, Wazungu watamfuata kwa mbali. Siamini hivyo. Naamini mabingwa wa namna hiyo wapo, na wengine wamekwisha kupatikana. Kinachokosekana ni kila kitu kilicho kati ya Black Mamba na ile baiskeli ya kaboni, na hadi hapo katikati patakapojazwa, tutaendelea kuwaokota watu mmojammoja na kuwapoteza.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mlima ni mwalimu asiyependelea. Mchukue kijana wa kilo 60. Mpe baiskeli ya kilo 8, ya kawaida katika mashindano (sheria za kimataifa haziruhusu iliyo chini ya kilo 6.8). Kama miguu yake inatoa wati 250, na tukihesabu kuinua uzito peke yake bila kujali upepo wala msuguano wa tairi, atapanda mita 1,000 kwa muda wa dakika 44 na nusu. Sasa mpe Black Mamba ya kilo 20. Kijana ni yuleyule, wati ni zilezile, mlima ni uleule. Atatumia dakika 52. Tofauti ya dakika 8 inatosha kumtoa mshindi na kumweka mahali ambapo kamera hazifiki.

Lakini uzito ndio tatizo dogo. Kwenye Black Mamba, mzunguko mmoja wa pedali huisogeza baiskeli kiasi cha mita 5. Mahali penye mwinuko wa asilimia 8, mwendo wa kilomita 10 kwa saa unamlazimu azungushe pedali mara 33 tu kwa dakika, na kila anapokanyaga inambidi atie karibu uzito wake wote juu ya mguu mmoja. Huko si kuendesha, ni kupanda ngazi ukiwa umebeba mzigo, na goti lolote lina kikomo chake. Mwenye gia ndogo husogea mita 2.2 kwa mzunguko, kwa hiyo kwa mwendo uleule atazungusha mara 76 kwa dakika, na kila kanyago litamgharimu chini ya nusu ya nguvu ile. Kwa hiyo kijana wetu anashuka na kusukuma. Miaka inapita. Mapafu yake yanabaki mapafu ya mtu wa Elgeyo, lakini ile kazi ya kuzungusha pedali kwa kasi na kwa muda mrefu, ambayo misuli hujifunza kwa kurudia mara maelfu, hajawahi kuifanya hata siku moja. Halafu tunamwita kwenye majaribio akiwa na miaka 23 na kumpandisha kwenye baiskeli ya kaboni.

Jaribio la namna hiyo limeshafanywa. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mpigapicha kutoka Singapore aliyekuwa ameshawishika kwamba nchi ya wakimbiaji lazima iwe na waendesha baiskeli, aliwapeleka Wakenya wawili Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, kilomita 13.8 zenye kona 21 ambazo kila shabiki wa Tour de France anazijua. Mmoja wao, Zakayo Nderi, alifika juu kwa dakika 42 na ushei. Nyakati bora kabisa za waliowahi kuupanda mlima huo katika mashindano ziko karibu na dakika 37. Kwa mtu aliyekuja bila shule ya mchezo na bila miaka ya mashindano, dakika 42 ni habari kubwa, na ilistahili kutangazwa kuliko ilivyotangazwa.

Ila Alpe d'Huez uliwapa ule mtihani tuliokuwa tunaujua tayari. Kupanda mlima peke yako ukishindana na saa ni jambo lililo karibu sana na kukimbia. Mashindano ya barabarani ni jambo jingine. Unakuwa na watu 150 wanaokwenda bega kwa bega kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu lako la mbele likiwa kiganja kimoja nyuma ya gurudumu la mwenzako, kwa sababu anayejikinga upepo nyuma ya wengine anaokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Lazima ujue nani wa kumfuata akichomoka na nani wa kumwachia aende. Lazima ujue kushuka. Mtu anayeshuka kutoka Iten hadi Tambach asubuhi yenye umande anajua ninachokisema: breki hupata moto, mkono hufa ganzi, na kona inayofuata ina Probox iliyojaa abiria inayopanda upande usio wake. Ujuzi huo haurithiwi kutoka kwa babu aliyekuwa na pumzi ndefu. Unapatikana kwa kushindana, kuanguka, na kurudi Jumapili inayofuata.

Ndiyo maana namtazama Mweritrea kwa makini zaidi kuliko ninavyowatazama Wazungu. Asmara iko juu kama Iten, pungufu kidogo ya mita 2,400, na barabara yake ya kushuka hadi Massawa kwenye Bahari ya Shamu ingeweza kuwa dada ya hii yetu ya Kerio. Lakini tofauti haiko kwenye barabara. Waitaliano waliuleta mchezo huo wakati wa ukoloni, mbio za kuizunguka nchi zilifanyika mwaka 1946, na wakoloni walipoondoka wenyeji waliufanya mchezo kuwa wao. Baiskeli ni kitu cha kila nyumba, na mashindano ni jambo la kawaida mtaani kama mechi ya mpira kwetu. Mtoto anakua akiwaona, anawapigia makofi, kisha anaingia kwenye kundi la umri wake na kushindana hata kabla hajawahi kusikia habari za mkataba wa Ulaya. Matunda yake tumeyaona. Daniel Teklehaimanot alivaa jezi ya mfalme wa milima katika Tour de France ya 2015. Biniam Girmay alishinda Gent-Wevelgem, mbio kubwa za siku moja za Ubelgiji, mwaka 2022, na mwaka 2024 akashinda hatua 3 za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Na Girmay, tukumbuke, ni mtu wa mbio za kasi. Sifa yake kubwa haikutokana na mlima.

Rwanda inatufundisha jambo lilelile kwa njia iliyo chungu kidogo. Nchi ya vilima elfu imewekeza katika mchezo huu kuliko jirani yeyote. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na miongoni mwa washindi wake wa zamani yumo Abraham Ruhumuriza, mtu aliyewahi kubeba abiria kwa baiskeli, aliyeibeba mara 5. Mwaka 2009 mashindano yakaingizwa kwenye kalenda ya kimataifa. Kambi ya mafunzo ikajengwa Musanze, chini ya volkano. Adrien Niyonshuti akaenda Olimpiki ya London 2012. Kuanzia 2014 hadi 2018, miaka 5 mfululizo, mshindi wa jumla alikuwa Mnyarwanda: Valens Ndayisenga mara 2, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya, Samuel Mugisha. Mtu angeweza kusema kazi imekwisha.

Mwaka 2019 mashindano yalipandishwa daraja, timu kubwa za Ulaya zikaanza kuja, na tangu hapo hadi toleo la 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda tena. Vilima havikubadilika, na watu wanaojipanga kando ya barabara hawakupungua. Wanaongezeka kila mwaka. Sasa angalia nani walioshinda katika matoleo hayo 7. Merhawi Kudus, Natnael Tesfatsion mara 2, Henok Mulubrhan. Mara 4 kati ya 7, aliyeshinda kwenye vilima vya Rwanda alikuwa Mweritrea. Paa liliinuliwa, na wale waliokuwa na ngazi nyumbani kwao ndio waliolifikia.

Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara hili. Nilitazama mbio za wanaume kwa macho ya mtu anayejua kupanda kunavyouma: kilomita 267.5, zaidi ya mita 5,400 za kupanda kwa jumla, Mlima Kigali, kisha ule ukuta wa mawe ambao umati uligeuza kuwa uwanja. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Nilifurahi sana siku ile, na bado nafurahi. Lakini furaha hiyo isitufanye tuamini kwamba kuwa na mlima mkali wa kuwaonyesha wageni ni sawa na kuwa na mchezo.

Turudi nyumbani. Kenya haijakaa bure, na ni dhuluma kusema hivyo. Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah amekuwa akiwafunza vijana kwa miaka mingi, na kijana mmoja mzungu mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, alipita mikononi mwake, akaendesha kwa leseni ya Kenya hadi 2008, kisha akaenda kushinda Tour de France mara 4 akiwa na bendera ya Uingereza. Watu hutaja kisa hicho kwa masikitiko ya bendera. Mimi hunivutia kitu kingine ndani yake: Froome alipata kwa Kinjah karakana, mkubwa wa kumfuata barabarani, wenzake wa kushindana nao, na mtu wa kumfundisha kutengeneza gurudumu lake mwenyewe. Yaani alipata zile ngazi za katikati, katika nyumba moja ndogo, kwa juhudi za mtu mmoja. Hebu fikiria kila bonde lingekuwa na nyumba ya namna hiyo.

Na Iten yenyewe ilikuwa makao ya timu ya Kenyan Riders. Humo alikuwemo Suleiman Kangangi, Sule kwa wote waliomfahamu, aliyekulia katika maisha magumu ya Eldoret. Mwaka 2017 alimaliza wa 3 katika Tour du Rwanda. Wa 3, kwenye barabara zilezile tunazozitaja, nyuma ya Areruya na Mweritrea mmoja. Agosti 2022 alifariki katika mashindano ya barabara za vumbi huko Vermont, Marekani, baada ya kuanguka kwa kasi. Kabla yake John Njoroge naye alipoteza maisha mashindanoni Ufilipino, mwaka 2014. Nawataja wote wawili kwa heshima, na pia kwa sababu msiba ulionyesha jinsi tulivyokuwa wachache. Mkimbiaji mkubwa akiondoka Iten, siku inayofuata wako mia wanaokimbia nyuma ya pengo lake. Sule alipoondoka, tulihesabu waliobaki kwa vidole.

Fikiria jinsi ngazi ya riadha ilivyo hapo hapo Iten. Alhamisi asubuhi mamia ya watu hukusanyika kwa mazoezi ya kubadilisha kasi, na kijana yeyote mwenye viatu anaweza kujiunga nyuma bila kumwomba mtu ruhusa. Anakimbia na mabingwa wa dunia kwa dakika 5, anaachwa, wiki ijayo anakaa dakika 7. Shule ya St. Patrick's, ambako Brother Colm O'Connell alifika mwaka 1976 kama mwalimu na akageuka kuwa kocha wa vizazi, iko umbali wa kutembea. Kuna mashindano ya shule, ya kaunti, ya taifa. Kuna mawakala, kuna makambi, kuna binamu aliyewahi kwenda Ulaya na kurudi na hadithi. Kila hatua iko karibu na iliyotangulia, na gharama ya kujaribu ni jozi ya viatu, hata vya mtumba.

Kwenye baiskeli hatua ya kwanza ni Black Mamba, na ya pili iko mawinguni. Baiskeli mpya ya mashindano, hata ya bei ya chini, ni mapato ya familia ya bondeni kwa muda mrefu sana. Ya mtumba hupatikana Nairobi, mara chache Eldoret. Na ukishaipata, tatizo linahama kutoka kwenye mfuko kwenda kwenye spana.

Nitasimulia yaliyonipata. Mwaka juzi, nikiwa napanda kutoka bondeni, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine kilivunjika. Nilisukuma hadi sokoni, kwa fundi ambaye namheshimu sana. Mzee huyo hunyoosha rimu kwa kuitazama tu, huziba pancha wakati unamaliza kunywa chai, na nimemwona akichomelea fremu iliyokatika vipande viwili ikarudi kubeba gunia. Alikishika kifaa changu kilichovunjika, akakigeuzageuza, akasema, "Kijana wangu, hiki hakijawahi kufika hapa." Nilipiga simu kwa duka moja jijini. Walinitumia kisichofaa. Nikakirudisha, nikasubiri, na baiskeli ikakaa wiki 3 ikiegemea ukuta. Mimi nina mshahara, na niliweza kungoja. Kijana aliyepewa baiskeli ya msaada na timu fulani, aliyerudi nayo kijijini kwao, afanye nini? Ataiegemeza ukutani, na itabaki hapo. Nimeziona baiskeli za namna hiyo katika vijiji zaidi ya kimoja, nzuri, nyepesi, zimekufa kwa kukosa kipande kinachoingia mfukoni.

Kwa hiyo ninaposikia mpango wa kuwagawia vijana wenye vipaji baiskeli za kaboni, moyo wangu hausisimki. Kaboni ikipasuka haichomelewi. Fundi wetu wa sokoni, mtu mwenye thamani kubwa kuliko wote katika mfumo huu, anaachwa nje kabisa. Mimi ningeanza na chuma. Fremu za chuma zenye gia 7 au 8, za mtumba, zikiwa na vipuri vinavyofanana ili kilichovunjika kwenye moja kitolewe kwenye nyingine. Ningemkalisha yule mzee na vijana wake wawili kwa juma moja, wafundishwe kurekebisha gia, kukata na kuunga mnyororo mwembamba, kubadilisha waya. Wanachojua tayari ni kigumu kuliko hicho.

Kisha mashindano. Siombi uwanja, na siombi jukwaa la viongozi. Nasema Jumapili moja kila mwezi, barabara ifungwe alfajiri kwa muda wa saa mbili, kutoka Chebloch hadi Tambach. Katika mashindano mengi ya hapa Kenya huwa kuna kitengo cha Black Mamba, na watu hukishangilia kuliko vingine vyote, lakini waandaaji wengi hukichukulia kama burudani ya kuchangamsha umati kabla mbio halisi hazijaanza. Nadhani wanakosea sana. Hicho ndicho kidato cha kwanza. Wanaofanya vizuri humo wahamishiwe kitengo cha baiskeli za chuma zenye gia, waazimwe baiskeli kwa msimu, na zawadi ziwe tairi, minyororo na breki badala ya kombe la plastiki. Watakaofika juu ya kitengo hicho kwa miaka 2 au 3 ndio watakaokuwa wamejifunza kukaa ndani ya kundi, kula wakiwa wanaendesha, kushuka kwa kasi bila kuogopa wala kujiua. Huyo ukimpa kaboni, umempa mtu anayejua cha kufanya nayo.

Wapo watakaosema bonde lina shida kubwa kuliko mchezo: maji, zahanati, na upande wa kaskazini, kuelekea Tot na ng'ambo ya mto, wizi wa mifugo uliowafanya watu kuhama mashamba na serikali kupeleka operesheni ya usalama mwaka 2023. Ni kweli, na sitaki kulipita hilo kwa haraka. Barabara ambayo mama anaogopa kuitumia kwenda sokoni haiwezi kuandaa mashindano. Lakini sikubali kwamba baiskeli yenye gia ni anasa inayongoja shida nyingine ziishe. Bonde lote linaishi kwa kupandisha na kuteremsha: maembe yanapanda, unga unashuka, watoto wa shule wanapanda, mgonjwa anapanda. Ile gia inayomwezesha mshindani kufika Tambach bila kushuka ndiyo itakayomwezesha mkulima kufikisha maembe yake juu kabla jua halijayaharibu, bila kusubiri pikipiki itakayokula faida yake. Hata watengenezaji wa baiskeli za mizigo wameanza kuliona hili. Buffalo, baiskeli nzito za vijijini zinazounganishwa Kisumu pia, sasa zina toleo lenye gia mbili, unabadilisha kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Gia mbili tu, lakini mtu anayesukuma kila siku anajua ile ya pili ina maana gani.

Na wasichana? Katika miaka yangu yote kwenye barabara ile, wasichana niliowaona wakiendesha hawazidi 10, ilhali wale wanaokimbia alfajiri hawahesabiki. Riadha iliwachukua miaka mingi ya kubishana na wazazi na desturi hadi kufika hapo. Kwenye baiskeli mabishano hayo hata hayajaanza, kwa sababu nyumba yenye baiskeli moja humpa kijana wa kiume, na baiskeli ya pili haipo. Ngazi ninayoizungumzia isipokuwa na nafasi yao tangu hatua ya kwanza, tutakuja kuijenga upya kwa gharama kubwa zaidi.

Barabara yenyewe nayo ingesaidia kama ingewatambua wanaoitumia. Ni nyembamba, na katika sehemu nyingi ukingo wa lami ndio mwanzo wa mtaro au wa genge. Lori la maembe likija na Probox ikitaka kulipita, mwenye baiskeli ndiye anayeondoka. Mita 1 na nusu ya bega la lami upande unaopanda, ambako mwendo ni mdogo na watembea kwa miguu ni wengi, ingetosha. Upande unaoshuka mwenye baiskeli anakwenda karibu sawa na magari, na hahitaji sana kutengewa. Wahandisi wanaochora barabara za milimani wanaweza kulifikiria hilo bila kuongeza bajeti maradufu, lakini kwanza wakubali kwamba yule anayesukuma gunia ni msafiri kama wengine.

Mwezi uliopita nilishuka tena bondeni, na nikapitia sokoni kumsalimu yule fundi. Alinitolea bati la maziwa ya unga lililojaa vipande: magurudumu madogo ya kuongozea mnyororo, waya za gia, sprokete mbili zilizolika nusu. Alikuwa ameanza kuviokota na kuvinunua kidogo kidogo kutoka kwa watu wenye baiskeli zilizokufa. Kijana wa jirani yake alikuwa na fremu ya chuma, nyekundu, bila magurudumu, na mzee alikuwa ameahidi kuifufua kabla shule hazijafungwa. Alikosa kitu kimoja tu, kile kifaa cha kusukuma pini ya mnyororo mwembamba. Nyundo na msumari vilikuwa vimemharibia minyororo miwili. Akaniuliza kama nikienda mjini naweza kumletea. Nimekinunua. Kiko kwenye mkoba wa nyuma ya siti, na Jumamosi nashuka nacho.